Mzee ana dimenshia (ugonjwa wa kupoteza kumbukumbu na akili), ananiita mwizi: nikubali dawa za saikosisi (kuona au kuamini yasiyokuwepo)?
Pole dada, hiyo ya kuitwa mwizi naijua, wangu alikuwa anaficha pochi chini ya godoro halafu ananigeuzia mimi kibao. Kabla ya dawa mwambie daktari ampime mkojo, UTI (maambukizi ya njia ya mkojo) huwa inawavuruga wazee ghafla tu. Risperidoni, moja ya dawa hizo za saikosisi, inasaidia baadhi yao ila si mchezo, Marekani 2005 waliweka onyo kwamba dawa za kundi hilo zinaongeza hatari ya kifo kwa wazee wenye dimenshia, na kama yake ni ile aina ya dimenshia inayoitwa Lewy ndo kabisa, haloperidoli (dawa nyingine ya saikosisi) wasiguse maana anaweza kukakamaa mwili mzima. Wakimpa iwe dozi ndogo, wiki 6 hivi waangalie kama bado inahitajika. Na usibishane nae, mi nilikuwa nasema tu haya baba, tuitafute wote.