Bwana Shamba Anajibu: Dunia ipate joto, udongo ugande?

SWALI: Bwana Shamba, habari za kazi. Nafundisha jiografia hapa Masasi. Nimesoma kwamba ongezeko la joto duniani linafanya udongo wa misitu ya kaskazini mwa Marekani ugande zaidi msimu wa baridi na kupoteza rutuba. Wanafunzi wamekataa katakata. Wamekosea wapi?
Mwalimu, Masasi

JIBU: Mwalimu, wamesahau theluji. Theluji laini imejaa hewa, hivyo huifunika ardhi kama blanketi. Ikifika kina cha sentimita 30 hadi 40, udongo wa chini hubaki karibu na nyuzi 0 hata hewa ya juu ikiwa nyuzi 20 chini ya sifuri, na bakteria na kuvu huendelea kuozesha majani taratibu. Msimu ukipoteza makali, theluji huchelewa. Ukija usiku wa baridi kali, unaukuta udongo uko wazi.

Mwishoni mwa miaka ya 1990, katika msitu wa majaribio wa Hubbard Brook, New Hampshire, watafiti walizoa theluji kwa sepetu wiki za mwanzo wa baridi. Udongo uliganda kidogo tu, nyuzi chache chini ya 0, lakini mizizi myembamba ilikufa kwa wingi na naitreti, yaani nitrojeni iliyo tayari kunyonywa na mimea, ikaongezeka kwenye maji ya udongo. Wengi hudhani barafu huua vijidudu, navyo vikaachia nitrojeni. Hilo lina mchango wake, ila mkosaji mkubwa ni mizizi: iliyokufa hainyonyi kitu. Theluji ikiyeyuka, maji huibeba naitreti hadi mitoni, nayo huondoka na virutubisho vingine, kalisi na magnesi.

Huku kwetu udongo haugandi. Unaolala ni wa kiangazi. Mvua ya kwanza huviamsha vijidudu na naitreti hufumuka kwa siku chache, jambo alilolichunguza mtafiti wa udongo H. F. Birch huko Muguga, Kenya, miaka ya 1950. Kwenye kichanga chetu, mahindi yakichelewa kupandwa, naitreti hiyo huzama isikofikiwa na mizizi. Majani ya mikorosho nayo msiyachome: nitrojeni yake huishia kwenye moshi. Fagieni wakati wa kuokota korosho, kisha myarudishe.

Ili kuona majani yanavyofunika ardhi kama theluji, darasa lipime lenyewe joto la udongo saa nane mchana, kina cha sentimita 10, chini ya majani na kwenye udongo mtupu, pote juani. Toboeni kwanza kwa msumari mrefu, maana kipimajoto cha kioo kikisukumwa huvunjika. Shindilieni udongo pembeni yake, msubiri dakika 5, na msome kikiwa bado ardhini.