Alama ya WhatsApp imeganda porini: nyumbani watajuaje tulipo?

Swali: Ndugu mtaalamu, habari za kazi. Mimi ni mwalimu hapa Lindi. Likizo ya Juni mimi na wenzangu watatu tunataka kutembea kwa miguu kutoka Lindi mjini hadi Tendaguru, kule alikochimbwa yule mjusi mkubwa (dinosaria), tukilala njiani, kisha turudi kwa bodaboda. Nyumbani wameridhia kwa sharti moja: wawe wanaona tulipo. Tulijaribu WhatsApp, ile ya kuonyesha mahali ulipo moja kwa moja. Mjini ilikwenda vizuri. Tulipoingia mashambani alama ikaganda sehemu moja karibu saa nzima ilhali sisi tunatembea, na mke wangu akaanza kumpigia simu kila mtu. Je, GPS inahitaji bando? Betri itahimili? Na kuna haja ya kununua kifaa cha setilaiti?

Jibu: Salama, Mwalimu. Njia mliyochagua ina historia yake. Kati ya 1909 na 1913 mifupa ya Tendaguru ilibebwa na wapagazi kwa miguu, mwendo wa siku kadhaa, hadi bandari ya Lindi na kupakiwa melini kwenda Ujerumani. Mjusi mwenyewe, yule ambaye hoja ya kumrudisha huibuka bungeni kila baada ya muda, yuko Berlin hadi leo. Kwa mstari ulionyooka ni kilomita 60 na ushei, ila njia ya miguu hainyooki, kwa hiyo hesabuni zaidi.

Kazi yangu ni upimaji wa ardhi, nashinda na GPS. Simu yako inafanya kazi mbili ambazo watu wengi huzidhani ni moja. Ya kwanza ni kujua ilipo. Setilaiti za GPS ziko angani umbali wa kilomita 20,200 hivi, zinatangaza muda wote, na simu inasikiliza tu kama redio. Ikizinasa nne inapiga hesabu na kupata mahali. Hapo hakuna bando, hakuna vocha, hata laini haihitajiki. Kazi ya pili ni kumwambia mkeo, na hiyo haiendi bila mnara. Siku ile alama ilipoganda, simu ilijua vizuri mlipo. Ilichokosa ni pa kupitishia habari.

Bando linasaidia jambo moja dogo: kuharakisha mwanzo. Simu yenye intaneti huletewa taarifa za setilaiti zilipo, hivyo inajikuta ndani ya sekunde chache. Isipokuwa nayo, inabidi izisubiri taarifa hizo kutoka angani, na inaweza kukaa dakika kadhaa. Simameni uwanjani, si chini ya mkorosho, mkaiache itulie.

Sasa hiyo huduma ya WhatsApp. Inakupa muda wa aina tatu: dakika 15, saa 1 au saa 8. Mkiiwasha saa 12 alfajiri mnapoondoka, saa 8 mchana inajizima yenyewe, nanyi bado mko njiani. Aliye nyumbani anaona mtu ametoweka. Google Maps inakuruhusu kuonekana mpaka utakapozima mwenyewe, lakini nayo inategemea intaneti vilevile. Kwa hiyo mfundishe mkeo kusoma kwanza muda wa mwisho alama iliposasishwa, ndipo aangalie ramani. Alama iliyosasishwa saa 4:20 inasema mlikuwa hapo saa 4:20, basi. Haisemi kwamba mmekaa hapo, wala kwamba mna shida.

Ushauri wangu ni kuiacha WhatsApp iwe nyongeza, na mategemeo yenu yawe SMS ya saa mliyokubaliana. SMS ni ndogo, inapita hata pale data inapogoma, na mtandao ukishaipokea, inaweza kumfikia mkeo baadaye hata kama simu yake ilikuwa imezimwa. Andika hivi (namba ni za mfano):

*Saa 6:10 mchana. -9.8412, 39.4175. Wote wazima. Tunashuka bondeni. Ujumbe ujao saa 11 jioni.*

Namba hizo mbili za mahali unazipata ukibonyeza na kushikilia mahali ulipo kwenye ramani ya simu. Mpokeaji akiziandika kwenye kisanduku cha kutafutia cha Google Maps, anaona pointi. Alama ya kutoa mbele ya namba ya kwanza ndiyo inayosema mko kusini mwa ikweta. Ikisahaulika, mkeo atawaona mko Ethiopia, na hapo simu zitapigwa kweli. Desimali nne zinatosha, ni kama mita 11. Za ziada ni mapambo. Na kama kuna mtu atakayefuatilia kwa karatasi za zamani za ramani ya 1:50,000, ajue zimechorwa kwa mfumo wa vipimo vya mahali uitwao Arc 1960 wakati simu inatumia WGS 84. Kwa huku kwetu pointi ileile inaweza kupishana karibu mita 300, na porini umbali huo unatosha kumpita mtu bila kumwona.

Jambo ambalo wengi hawalipangi ni ukimya. Kaeni na wa nyumbani kabla ya safari mkubaliane ukimya una maana gani. Mimi ningepanga hivi: ujumbe mmoja ukikosekana, hakuna kinachofanyika, maana mabondeni mtandao hukatika na hilo linajulikana. Ukikosekana na wa pili, anampigia mtendaji wa kijiji cha mwisho mlichopita. Asubuhi ikifika bado kimya, ni polisi, namba 112, akiwa na pointi yenu ya mwisho na saa yake mkononi. Ili hilo liwezekane, piteni kwa kila mtendaji mjitambulishe, mwachie majina yenu na mchukue namba yake ya simu. Huko huko mtaambiwa kama tembo wamepita karibuni, habari ambayo hakuna programu itakayowapa.

Betri inayoliwa na GPS si nyingi kama watu wanavyodhani. Mla betri mkubwa ni simu inayotafuta mnara usiopatikana, maana inaongeza nguvu ya kutangaza na kurudia tena na tena. Wekeni hali ya ndegeni mkiwa njiani, mfungue saa ya kutuma tu. Simu nyingi huendelea kupokea GPS hata katika hali hiyo. Ijaribu yako nyumbani. Pakueni ramani mapema kwenye OsmAnd au Organic Maps, zinafanya kazi bila intaneti. Ukitaka njia yenu irekodiwe, ipe programu ruhusa ya kutumia mahali wakati wote na uiondoe kwenye orodha ya zinazobanwa na kiokoa betri, la sivyo kioo kikizimika na kurekodi kunakoma. Pawabenki ya 10,000 mAh inajaza simu ya 5,000 mAh mara moja na kidogo, si mara mbili, kwani umeme mwingine unapotea kama joto. Kwa watu wanne, simu moja iwe kazini na nyingine zizimwe kabisa.

Laini zichanganyeni, kila mtu na mtandao wake. Waulizeni bodaboda wa vijiji vya njiani laini gani inashika wapi. Wanajua kuliko ramani za kampuni. Na tumeni ujumbe mkiwa juu, kabla ya kuteremka, maana kilima kikikaa kati yenu na mnara, hamna mawasiliano.

Kwa wasomaji wa Newala na Tandahimba wanaotembea kandokando ya Ruvuma: simu inaweza kudaka mnara wa Msumbiji. Mbali na gharama, Msumbiji wako nyuma yetu kwa saa moja, na simu inayojipangia saa inaweza kuwafuata. Zima upangaji huo, au ujumbe wa saa 11 utatumwa saa 12 na nyumbani wameshaanza kuhangaika.

Pointi zenu zisiende kwenye status. Watu wawili wa nyumbani wanatosha.

Kuhusu setilaiti: vifaa kama Garmin inReach hutumia mtandao wa Iridium, wenye setilaiti 66, vikatuma na kupokea ujumbe pasipo mnara wowote, na vina kitufe cha dharura. Ni vizuri, lakini bei ya kifaa ni kubwa na juu yake kuna ada ya huduma. Kwa mwendo wa siku chache unaopita vijijini, mimi nisingenunua. Ingekuwa mnakwenda kukaa wiki nzima kwenye misitu ya Liwale, ningesema tofauti. Ukiamua kuagiza, waulize kwanza TCRA kama kifaa hicho kinaruhusiwa kutumika nchini, kisije kikaishia forodhani.