Uzamili wa pafyusheni: uliza kwanza utashika pampu mara ngapi

Mdogo wangu uliyeuliza kutoka Busia, swali lako nimelisoma mara mbili kabla ya kujibu. Unasema umemaliza shahada ya uuguzi, umefanya kazi miaka miwili katika chumba cha upasuaji, na sasa unataka kusomea pafyusheni, yaani kuendesha ile mashine inayoshika nafasi ya moyo na mapafu wakati daktari anafungua moyo. Umekubaliwa sehemu mbili, zote India. Moja ni shahada ya uzamili ya miaka miwili katika chuo chenye jina kubwa. Nyingine ni stashahada ya uzamili katika hospitali ambayo huko kwenu hakuna aliyewahi kuisikia. Mzee amesema uchukue yenye jina, nawe unataka kujua tuliotangulia tunasemaje.

Mimi ni mtu wa Arua. Kabla ya kazi hii nilikuwa natoa dawa ya usingizi katika hospitali ya wilaya, na sasa huu ni mwaka wangu wa tisa kusimama nyuma ya pampu hapa Kampala. Shikamoo ya mzee nampa kwa moyo wote, lakini katika hili naomba anisikilize: nenda mahali utakapoishika pampu kwa mikono yako mwenyewe, mara nyingi, huku mtu mzoefu amesimama begani mwako. Jina la chuo liwe la pili.

Nasema hivyo kwa sababu mimi nilianza na jina. Familia iliuza ng'ombe sita na kipande cha shamba kulipa ada ya mwaka wa kwanza. Tulikuwa wanafunzi 14, mashine zinazofanya kazi mbili. Miezi saba nilisimama ukutani nimekunja mikono, naandika kwenye daftari namba ninazoziona kwenye skrini kwa mbali. Nadharia nilifundishwa vizuri, na mitihani nilifaulu. Siku moja nilimwomba msimamizi aniruhusu walau nifunge mirija, akanijibu nisubiri mwaka wa pili. Nikawauliza wa mwaka wa pili. Mmoja alikuwa ameendesha wagonjwa wanne tangu aanze. Wanne! Usiku ule nilimpigia kaka yangu mkubwa nikamwambia nahama, naye alikaa kimya muda mrefu sana, kwa sababu ile ada hairudishwi.

Nilihamia hospitali ndogo zaidi, mji mwingine, isiyo na geti la kupigia picha. Wanafunzi tulikuwa watatu, na upasuaji wa moyo ulikuwa kila siku. Wiki ya tatu nilikuwa najaza maji mwenyewe kwenye mzunguko, yaani mirija na vifaa vya mashine ambamo damu itapita.

Kwa kuwa wewe umekaa chumba cha upasuaji, utanielewa nikikueleza hicho kitendo kimoja tu. Mgonjwa hajaingia. Mirija imefungwa kati ya tangi la kupokea damu, pampu, oksijeneta (kifaa kinachoitia damu oksijeni) na kichujio, na yote ni mikavu. Kwanza tunapitisha kaboni dioksidi ili ifukuze hewa ya kawaida, maana kaboni dioksidi huyeyuka ndani ya maji upesi zaidi. Kisha tunaingiza maji ya dripu yenye heparini, dawa ya kuzuia damu isigande, tunaiwasha pampu polepole, na maji yanaanza kuzunguka. Sasa ndipo kazi inapoanza. Unaigonga oksijeneta kwa kiganja, si kwa nguvu, kama mtu anayempigapiga mtoto mgongoni acheue. Vinatoka viputo vidogo kama vya soda, vinapanda juu. Unagonga tena. Mwalimu wangu, mama mmoja mfupi mwenye sauti ya chini, alikuwa anachukua tochi na kuipitisha kando ya mrija wa kurudishia damu, sentimita kwa sentimita, na akikuta kiputo kimoja ananitazama tu bila kusema neno. Ule ni mrija unaokwenda kwenye mshipa mkuu wa ateri, na kutoka hapo njia ya kwenda ubongoni ni fupi. Kitabu kitakueleza hatari ya hewa kwa kurasa kumi. Kiganja chako hakitajua mpaka kigonge.

Ndivyo ilivyo na mengine. Mgonjwa akishapewa heparini ya uniti 300 hadi 400 kwa kila kilo yake, unapima muda wa damu kuganda, na sehemu nyingi hawaanzi mpaka usomeke sekunde 480 au zaidi. Namba hiyo inasemwa kwa sauti, chumba kizima kisikie. Daktari akisema punguza mtiririko, unajibu nimepunguza, si kwa kutikisa kichwa. Umeme ukikatika na betri ikakuangusha, unatoa mpini na kuizungusha pampu kwa mkono, na lazima mkono ujue unazungusha upande gani, kwa sababu pampu ya kuviringisha ikizungushwa kinyume inanyonya damu kutoka kwa mgonjwa badala ya kumpa. Sisi tulifanyishwa mazoezi hayo gizani, taa zimezimwa makusudi. Huko nilikoanza, mpini niliuona kwenye picha.

Halafu kuna suala la watoto, na hili ndilo linanifanya niandike marefu. Hapa Uganda wanaokuja mezani wengi ni watoto na vijana: wenye matundu ya moyo waliyozaliwa nayo, na wale ambao vali zao zimeliwa na homa ya baridi yabisi baada ya maambukizi ya koo ambayo hayakutibiwa. Taasisi ya Moyo ya Uganda pale Mulago imekuwepo tangu 1988, na kwa miaka mingi kupasuliwa moyo kulimaanisha kupanda ndege. Kwa hiyo mtu atakayerudi hapa bila kuzoea watoto amejifunza nusu ya kazi.

Tazama hesabu. Mtu mzima wa kilo 60, ukichukua mililita 70 za damu kwa kilo, ana mililita 4,200. Tuseme hematokriti yake, yaani sehemu ya seli nyekundu ndani ya damu, ni asilimia 36. Mzunguko wako unabeba mililita 1,200 za maji. Vikichanganyika, hematokriti inashuka hadi asilimia 28, na hapo watu wazima wengi wanastahimili. Sasa mlete mtoto wa kilo 5, mililita 80 kwa kilo, hematokriti ile ile. Damu yake yote ni mililita 400, soda moja na kidogo. Hata ukitumia mzunguko mdogo wa mililita 400, hematokriti inaporomoka hadi asilimia 18. Hapo lazima uweke damu ya benki ndani ya mzunguko kabla hujaanza, na lazima uwe umeiomba jana yake, na kundi lake liwepo. Ukiwa na mikono ya watu wazima tu, mtoto huyo atakushinda hata kama transkripti yako ni ya A tupu.

Kwa hiyo kabla hujalipa hata shilingi, waandikie wote wawili uwaulize: hospitali inafanya upasuaji wa moyo mara ngapi kwa mwezi, wangapi ni watoto, wanafunzi ni wangapi kwa kila mashine, na mwanafunzi aliyemaliza mwaka jana aliondoka na wagonjwa wangapi kwenye kitabu chake cha kumbukumbu. Waombe namba, usikubali maneno. Marekani mwanafunzi anatakiwa awe na wagonjwa 75 kabla ya kukaa kwenye mtihani wa bodi, na nadhani hicho ni kipimo kizuri cha kushikia hata kama huendi huko. Chuo kikikwepa swali hilo, umeshajibiwa.

Upande wa karatasi nitapita haraka. Cheti cha nje kipeleke Baraza la Taifa la Elimu ya Juu lipime kinalingana na nini, na uende mapema kwa baraza linalosajili kada yako uulize watakuandikisha kama nani ukirudi. Stashahada ya uzamili na shahada ya uzamili haziwi kitu kimoja kwenye mizani ya mshahara, hapo mzee ana hoja. Kama una ndoto ya kufundisha chuo kikuu, shahada ina uzito. Kama unataka kuhamia Marekani baadaye, ujue bodi yao inapokea waliosoma katika chuo kilichoidhinishwa kwa kanuni zao, kwa hiyo hizo barua mbili zote hazitakufikisha huko. Uingereza kuna uzamili pale Bristol, na Afrika Kusini unaingia kupitia teknolojia ya kliniki, lakini gharama zake zilinishinda mimi.

Kwa nilivyokusoma, kama ile hospitali isiyojulikana ina watoto na ina wanafunzi wachache, ningekwenda huko, nikirudi nifanye kazi miaka michache ndipo nitafute shahada. Ila ningepata namba kwanza.

Na wakati unasubiri majibu yao, nifanyie hesabu moja: mtoto wa kilo 4, mililita 85 kwa kilo, hematokriti asilimia 40, mzunguko wa mililita 350. Inashuka hadi ngapi, na ukitaka ibaki asilimia 28 utaongeza mililita ngapi za damu ya benki yenye hematokriti ya asilimia 60 badala ya maji? Weka jibu hapa pamoja na njia yake. Ijumaa nina zamu ya mchana, jioni nitaliangalia.