Ukiambiwa "Mtaitwa", Jipe Tarehe

Baba alikuwa kwenye mashine za kusokota nyuzi hapa Tabora, shifti ya usiku. Alirudi asubuhi na vumbi la pamba kwenye nyusi, utadhani kazeeka usiku mmoja. Miaka ya 1990, mashirika ya umma yakibinafsishwa na mitumba ikijaa masokoni, kiwanda kikadorora, kisha kikafungwa. Wakaambiwa warudi majumbani. "Mtaitwa."

Neno hilo ndilo lililotumaliza. Ovaroli ilifuliwa, ikapigwa pasi, ikatundikwa nyuma ya mlango. Akisikika mwekezaji tu, kijiwe cha kahawa kinachangamka wiki nzima. Mjomba alimwita Urambo wakalime tumbaku, baba akakataa: "Wakiniita wasinikute?" Ikapita miaka sita. Aliyeacha kusubiri ni mama. Alijitwika sinia la matobolwa, vile viazi vitamu vya kuchemshwa na kukaushwa, na karanga, akaenda kuuza stesheni treni ya Kigoma inapoingia. Ada yangu ilitoka kwenye sinia hilo.

Kwa hiyo ndugu yangu, ukiambiwa utaitwa, jipe miezi mitatu. Ikiisha, anza kingine. Wakikuita watakukuta tu, Tabora si kubwa hivyo.

Halafu kuna karatasi. Slipu za mshahara za baba zilifungia karanga, na alipokwenda kufuatilia mafao hakuwa na cha kuonyesha. Wewe nenda NSSF, mfuko wa hifadhi ya jamii, leo, ungali kazini, uombe taarifa ya michango yako. Kisheria ni asilimia 20 ya mshahara, na mwajiri haruhusiwi kukukata zaidi ya nusu ya hiyo. Kukatwa si kufikishwa. Ukikuta mwezi umerukwa, dai sasa hivi, maana wa kumdai bado yupo ofisini.

Kiinua mgongo usikinunulie basi dogo la abiria eti kwa kuwa jirani kanunua. Nimeyaona mangapi juu ya mawe.

Na wewe mama ntilie wa getini, au mwenye vyumba vya kupangisha, usijione uko nje ya haya. Kiwanda kikifungwa, wewe hulipwi hata senti. Jirani yetu alibakiwa na daftari la madeni ya watu waliokwisharudi kwao Nzega na Igunga. Mkopo wa chakula usivuke mwisho wa mwezi, hata kwa shemeji.

Ile ovaroli? Mama aliikata akashona ngata ya kuwekea sinia. Baba alinuna siku mbili. Ya tatu akalibeba yeye hadi stesheni.