Kabla hujamwita mtu mvamizi: kwa mkaguzi mpya wa eneo la wazi

Mwaka wangu wa kwanza kwenye kamati ya mtaa nilimwambia mama mmoja mtu mzima kwamba ameumega uwanja wa wote kwa karibu mita 9. Nilikuwa na ramani mkononi, tepu begani na wajumbe wawili nyuma yangu, nikajiona nimekamilika. Kwenye ramani, kiwanja chake kilikuwa na sentimita 4.2 kutoka barabarani hadi mpakani. Kwa skeli ya 1:500, yaani sentimita 1 ya ramani ni mita 5 za ardhi, hizo ni mita 21. Ukuta wake ulikuwa kwenye mita 30.

Hakunigombeza. "Kaa kwanza, mwanangu," akasema, akaingia ndani na kutoka na nakala yake ya ramani, kubwa mara mbili ya yangu. Kwenye yake mpaka ulikuwa sentimita 6, yaani mita 30 kamili. Kumbe kuna aliyeinakili ramani ya A3 kwenye karatasi ya A4 ili iingie kwenye faili. Ramani ikasinyaa hadi asilimia 71, lakini maandishi "1:500" yakabaki palepale pembeni, yanadanganya kila anayeyasoma. Niliomba radhi mbele ya wajumbe wale wale.

Kwa hiyo, kabla hujatoka nyumbani, weka rula kwenye mstari wa skeli, ule wenye alama za mita uliochorwa chini ya ramani, usiamini tarakimu. Mstari husinyaa pamoja na ramani, tarakimu hazibadiliki. Kama mstari haupo, tafuta upande ulioandikwa urefu wake kwa mita, uupime uone kama hesabu inakubali. Hata ramani ikiwa sawa, kumbuka unene wa kalamu: kwenye 1:1000, mstari wa nusu milimita unafunika nusu mita ya ardhi. Ugomvi wa sentimita 20 hauamuliwi kwa karatasi.

Ukifika uwanjani, tafuta bikoni, zile alama za mpaka zilizosimikwa ardhini, kabla ya kutafuta wakosaji. Simu itakusogeza karibu tu. Penye anga wazi inaweza kukosea mita kama 5, na chini ya miti au kando ya kuta ndefu hukosea zaidi, kwa hiyo mtu asikushawishi kwamba kile kinukta kwenye kioo kimeonyesha nani kavuka. Itumie kufika jirani na bikoni, kisha chokoachokoa udongo kwa nondo. Nyingi nimezikuta zimefukiwa na majani ya bustani, chini kidogo tu. Ukipata moja, pima hadi ya pili na ya tatu ulinganishe na ramani, maana moja peke yake haisemi kitu. Iliyong'olewa usiirudishe mwenyewe, hata kama shimo lake unaliona. Hiyo ni kazi ya mpima ardhi, na katika nchi nyingi kuchezea alama ya mpaka ni kosa la jinai.

Na usipime kutoka kwenye ua wa jirani. Ua wa jirani nao umetembea.

Nasema umetembea kwa sababu uvamizi hauji na katapila. Huja na vyungu vya maua. Vyungu vitatu nje ya geti dogo la nyuma, mtu anapamba tu, nani atasema? Miezi inapita, vyungu vimezungushiwa mawe. Ndani ya mawe nyasi ni fupi kuliko kwingine, kisha linawekwa benchi, na siku moja unakuta waya. Watu hupiga kelele siku ya waya, wakati ardhi iliondoka siku ya mawe. Ndiyo maana mimi huangalia nyasi kuliko kuta: mahali mkato unapobadilika ghafla kwenye mstari ulionyooka, kuna mtu ameshaanza kupaita kwake.

Ua wa miti una hila yake. Mwenyewe hupanda mstari mpya hatua moja mbele, anausubiri ushibe, ndipo anakata ule wa zamani. Ukisimama nje huoni kitu, ua mzito wa kijani kama wa miaka na miaka. Piga hodi, omba kuingia, uangalie kwa ndani. Niliwahi kukuta huko visiki vimejipanga kama meno, mita 1.4 nyuma ya mstari mpya, kimoja kimemeza kipande cha waya wenye kutu. Nilipiga picha ya visiki na fimbo yangu yenye alama kila sentimita 10 ikiwa imelazwa kati yao. Watoto na madirisha ya watu niliviacha nje ya picha. Kikaoni hakuna aliyebisha tena.

Mti wa mpakani ukikauka ilhali wenzake ni wabichi, inama uangalie shina karibu na ardhi. Gome likibanduliwa kuzunguka pande zote, chakula kinachotengenezwa na majani hakishuki tena, mizizi inakufa njaa na mti unafuata. Mkanda huo mara nyingi hufichwa kwa udongo. Baadaye utaletewa barua ya kuomba mti ukatwe "kwa usalama", na pengo litakalobaki litageuka maegesho.

Lakini si kila jembe ni la mvamizi. Kuna wakazi wanaopanda miti na kumwagilia eneo la wote kwa maji yao, nao wakikaripiwa mara moja hawarudi. Kipimo changu ni mpira. Ukiangukia pale, mtoto wa nyumba ya mbali ataufuata bila kupiga hodi? Akiufuata, andika "bustani, imeachwa wazi" uendelee. Akisita, toa tepu.

Kwenye daftari andika ulichopima, usiandike unachowaza: "ua umepita mpaka kwa mita 1.4, umepimwa kutoka bikoni mbili", tarehe, saa, nani alishika ncha ya pili ya tepu. Neno "ameiba" halina sentimita. Na usikae na daftari hilo nyumbani. Katika sheria za nchi kadhaa, aliyekalia ardhi kwa miaka 10 au 12 bila kupingwa anaweza kudai ni yake. Ardhi ya umma mara nyingi ina kinga, ila uwanja unaomilikiwa na wakazi wenyewe huenda usiwe nayo, na hapo barua yenye tarehe ina uzito kuliko ugomvi wa kila wiki.

Siku mtu anapokubali kurudisha, nenda jioni ile ile na tepu yako. Mmoja aliyetakiwa kurudi nyuma mita 2.4 alinipokea kwa tabasamu, nguzo mpya zimesimama, saruji bado mbichi. "Si nimerudisha, kaka?" Nilipima. Alikuwa amerudisha mita 1. Saruji ilikuwa haijashika, tukasaidiana kuzing'oa.