Kabla Hujafagia Majivu

Nyumba ya mama yangu kule Sikonge, mkoani Tabora, iliungua mwezi wa tisa, saa nane mchana. Kuna mtu alikuwa akisafisha shamba kwa moto, upepo ukamshinda, moto kichaa ukaingia msituni na kututokea nyuma ya mji wa mama. Mwano, yowe la kuita msaada, ulipopigwa, watu walikuja mbio na ndoo na matawi mabichi, wakaziokoa nyumba tatu za majirani. Ya mama ilikuwa ya nyasi.

Kila kiangazi Tabora, tangu majani yakauke hadi mvua zishike mnamo Novemba, kuna familia inasimama pale tuliposimama sisi jioni ile ikijiuliza ianzie wapi. Naandika kwa ajili yao.

Anzeni na watu. Mama aliungua mkono, na jirani alishafika na dawa ya meno mkononi. Tukamzuia kwa heshima. Tulimvua mama bangili kabla mkono haujavimba, tukaumwagilia maji safi ya baridi taratibu kutoka kwenye dumu kwa dakika 20, tukaufunika kwa khanga safi na kwenda zahanati. Msipake dawa ya meno, yai, wala mafuta, na malengelenge msiyapasue. Aliyeungua usoni, au aliyevuta moshi mwingi na sauti ikaanza kukwama, awahishwe hospitali hata kama anasema ni mzima. Koo linaweza kuvimba saa kadhaa baadaye.

Namba ya Zimamoto ni 114. Pigeni hata kama gari liko mbali, lakini msikae kulisubiri huku mmekunja mikono.

Kosa letu kubwa tulilifanya asubuhi ya pili, tena kwa upendo. Akina mama wa kitongoji walikuja na mafagio na majembe, wakasafisha kila kitu ili mama asiamke na kuona yale majivu. Mtendaji wa kijiji alipofika kufanya tathmini alikuta uwanja mweupe. Akaandika: nyumba moja ya nyasi. Basi. Mahindi hayakuwemo, kitanda hakikuwemo, mizinga ya nyuki 14 iliyoungua porini haikuwemo.

Sheria ya Usimamizi wa Maafa ya mwaka 2022 imeweka kamati za maafa kuanzia ngazi ya kijiji, na msaada wa serikali hufuata ile orodha inayopanda kutoka kijijini kwenda kata na wilaya. Kisichoandikwa huku chini, huko juu hakijulikani. Kwa hiyo msifagie. Pigeni picha kwanza, kona kwa kona, mabati yaliyokunjamana, miguu ya kitanda, sufuria zilizoyeyuka. Muiteni mwenyekiti wa kitongoji aone kwa macho yake, kisha mtajieni mtendaji kila kitu kwa idadi, na muombe nakala yenye muhuri. Sisi tulinusurika kwa sababu binamu yangu alikuwa amepiga picha usiku ule ule amtumie kaka yetu aliyeko Dar. Kwa picha hizo orodha iliandikwa upya. Na ile orodha mpya nayo ikapotea katika ofisi moja huko mbele, tukatoa nakala yetu, kazi ikaendelea.

Jambo la pili ambalo wengi hawalifikirii ni laini ya simu. Simu ya mama iliungua, na ndani yake kulikuwa na akiba yake yote na namba za watu wake. Kurudisha laini kunahitaji alama za vidole na namba ya NIDA, ile ya kitambulisho cha taifa. Ile namba ina tarakimu 20, nani anaikumbuka kichwani? Mdogo wangu alikuwa na picha ya kitambulisho. Leo hii, kabla hujalala, tuma picha za vitambulisho vya wazazi wako kwa ndugu anayeishi mbali nao. Vingine vilivyoungua toeni taarifa polisi, mpate karatasi ya upotevu. Cheti cha kuzaliwa mtakifuatilia RITA, wakala wa serikali wa usajili wa vizazi na vifo. Hati ya kimila ya ardhi isiwatie hofu, kumbukumbu zake ziko masjala ya ardhi ya kijiji.

Kihenge, kilichokuwa kando ya uwanja uliofagiwa, kiliendelea kufuka moshi siku tatu. Tulidhani mahindi yote yamekwisha, mpaka mjomba alipokipasua ubavuni kwa jembe. Nje palikuwa mkaa mtupu, lakini katikati mahindi yalikuwa ya njano kabisa, yananuka moshi tu. Tulipata magunia mawili. Yalitufaa kwa chakula, ila kwa mbegu hatukuyaamini, joto huua kiini.

Watu wanapouliza mnahitaji nini, msijibu "chochote". Tulijibu hivyo tukapata rundo la nguo na hatukuwa na sufuria. Msikitini, kanisani, AMCOS (chama cha ushirika cha wakulima), Msalaba Mwekundu, kote semeni: blanketi nne, ndoo mbili, sufuria, mbegu na ni kilo ngapi.

Na kuezeka msicheleweshe. Nyasi za jirani nazo zilikuwa zimeungua, ikabidi tuzifuate mbali kwa mkokoteni, huku kuta za matofali mabichi zisizo na paa zikisubiri mvua moja tu zianguke. Tulimaliza wiki ya kwanza ya Novemba. Mwezi wa tano uliofuata, majani yakiwa bado mabichi, nilimkuta mama na jembe akikwangua ardhi kuzunguka mji wake wote, mkanda mpana usio na jani hata moja, na mkono ule wenye kovu ndio ulioshika mpini kwa mbele.