Kindi wa Marekani kanipandisha darini

Mbukwenyi wadau! Juzi binti yangu wa darasa la sita kaniuliza, baba, kati ya kindi anayeruka na uyoga unaoozesha miti nani mharibifu zaidi? Nikacheka, nikamwambia uyoga, kindi mpangaji tu. Halafu nikakumbuka kenchi ya jikoni kwangu, zile mbao zinazobeba paa, kicheko kikaisha.

Huyo kindi wa Amerika Kaskazini wala haruki kama ndege, ana ngozi toka mkononi hadi mguuni anaitandaza anateleza hewani usiku, mita 20 kwake kawaida. Ila kuchimba chumba kwenye mti mgumu haiwezi hiyo kazi, anangoja uyoga ulainishe kiini, kigogota atoboe, kigogota akihama kindi anaingia na majani yake ya kulalia. Kwa hiyo kule porini uozo ni nyumba za watu.

Darini kwangu sasa! Bomba la tanki lilikuwa linadondosha tone tone kama mwaka hivi, nikaona doa kwenye silingibodi nikapaka rangi, likarudi nikapaka tena (ubahili bana). Fundi alivyopanda akasukuma bisibisi kwenye mbao ikazama mpaka mpini, mbao imekuwa ya kahawia imepasuka vipande vya mraba mraba, ukikifikicha kimoja kinabaki unga mkononi. Dodoma hii kavu! Sisi tunamuogopa mchwa tu, tunapaka oili chafu tunalala usingizi.

Kumbe uyoga hausubiri masika, unataka mbao yenye unyevu kuanzia kama asilimia 20, chini ya hapo hauendelei. Ndo maana nasema fundi bomba aje kabla ya seremala, mimi nilitaka kuanza na mbao mpya, ningekuwa nimeuandalia chakula kingine. Ukishaziba maji, kata mpaka uvuke sehemu laini ufike kwenye mbao inayolia ngo ukigonga, na rangi usipake juu ya mbao mbichi unafungia unyevu ndani. Mninga unavumilia sana ila bei yake aisee, ukichukua msonobari wa Mafinga chukua uliotiwa dawa.

Na ule mti wenye shimo huko shambani, kama hauwezi kuangukia nyumba wala mtu, uache, kuna popo au nyuki wanakaa humo.

Tanki nimelishusha, liko nje kwenye mnara wake, na kila Jumamosi napitisha mkono kwenye viungio vya bomba.